Uvimbe Usiouma

Mwanamke wa kisa hiki simpi jina, maana kisa chenyewe nimekisuka kwa yale yanayowapata wengi, kuanzia Iramba hadi Manyoni. Ni mkulima wa alizeti wa Ikungi, miaka 47, mama wa watoto saba, na wote aliwanyonyesha mpaka wakatembea. Siku moja akioga aligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kidogo tu, kinachokwepa kidole. Akamwonyesha wifi yake.

"Kinauma, wifi?"

"Hata kidogo."

"Basi hicho si ugonjwa. Wewe umezaa, umenyonyesha, na kwenu hakuna aliyewahi kuugua matiti. Maliza kwanza kupura alizeti."

Wifi alimpenda, na sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulionyesha kwamba hatari ya saratani ya matiti hushuka kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, na asilimia 7 kwa kila uzazi. Ila hata ukijumlisha watoto wote saba, hatari haiishi, na umri nao unaiongeza. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya saratani hizi huwapata wanawake ambao kihatarishi chao ni jinsia yao na kuvuka miaka 40 tu. Wengi wa wanaougua hawana ndugu yeyote aliyewatangulia.

Vihatarishi vingine ni kuvunja ungo mapema, kuchelewa kukoma hedhi, kutozaa au kuchelewa kuzaa, unene baada ya kukoma hedhi, na pombe. Hapo kwenye pombe naomba tusikilizane, kwa kuwa pombe ya mtama wengi huihesabu kama chakula. Kilevi kilichomo ni kile kile cha bia ya chupa, na hatari huanza hata kwa kiasi kidogo. Kujua mambo haya kunamsaidia mwanamke kujilinda. Kumzuia mwenye uvimbe asiende kupimwa ni kuyatumia vibaya.

Kilichomponza zaidi mama huyu ni lile neno la maumivu. Saratani ya matiti ikiwa changa mara nyingi haiumi kabisa. Alizeti ikapurwa, ikakamuliwa, msimu mwingine ukaingia. Ngozi ya titi ikaanza kuvutika, chuchu ikazama ndani, uvimbe wa pili ukatokea kwapani. Mumewe akasema mkewe amerogwa. Wakauza mbuzi wawili, wakaenda kwa mganga, akachanjwa chale juu ya uvimbe wenyewe. Alipofika hospitali ya rufaa ya mkoa ilikuwa imepita miezi 14. Daktari alichukua kinyama kwa sindano, na majibu yakampeleka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka kwake. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa.

Nchini kwetu takriban wagonjwa 8 kati ya 10 wa saratani ya matiti hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, wakati tiba imekuwa ndefu, ghali, na matumaini ya kupona yamepungua sana. Inaniuma, kwa sababu uvimbe ule ule ungepimwa ukiwa mdogo, upasuaji na dawa vingeweza kumponya.

Sasa yupo binti yake mkubwa, miaka 30. Mama akiugua, hatari ya binti huongezeka karibu mara mbili, na ushauri wa kawaida wa madaktari ni kuanza uchunguzi miaka 10 kabla ya umri ambao mama aligundulika. Kwake ni kama miaka 38. Akienda kliniki yoyote kabla ya hapo, amweleze mhudumu ugonjwa wa mama yake bila kuona haya. Na akigusa kitu kigumu kwenye titi au kwapani, kinauma au hakiumi, aende zahanati wiki hiyo hiyo aombe rufaa, na mumewe amsindikize.