Wiki Mbili Kabla ya Krismasi

Somo letu ni Luka 2:1-20.

Mwaka wa 1223, katika kijiji cha Greccio, kule milimani karibu na mji wa Rieti nchini Italia, zilikuwa zimebaki kama wiki mbili hivi Krismasi ifike. Francis wa Assisi akamwita mwenyeji mmoja aliyeheshimika, jina lake Giovanni, akamwambia vitu vya kutayarisha. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikiona orodha lazima niihesabu: hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Basi! Hakuna hata kimoja ambacho mwanakijiji angehitaji kukikopea pesa.

Na msidhani Francis hakujua vitu vizuri. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, kwa hivyo kijana alikua akiona nguo za bei. Lakini Krismasi hiyo alitaka watu waone kwa macho yao taabu aliyozaliwa nayo Mwokozi. Usiku ulipofika, watu wa pande zile walikuja na mishumaa na mienge. Francis, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili, kisha akahubiri.

Sisi hatumwombi Francis. Tunamwomba Yesu peke yake. Lakini somo hili tulichukue, maana hori limetoka kwa Luka.

Sasa wacha niwaambie kwa nini nimeandika haya. Mama mmoja wa hapa kwetu, na amenikubalia niseme bila jina, aliniambia kwamba Krismasi yeye na watoto watabaki nyumbani. Nikamuuliza, "Kwani kuna mgonjwa?" Akasema, "Hapana, Pasta. Ni nguo. Watoto wa wengine watakuja na mpya."

Wapendwa, hiyo iliniuma. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Lakini vile tunavyoangaliana pale mlangoni, kutoka kichwani hadi viatuni, ni kama tumemwekea kiingilio. Hebu soma tena habari ya wachungaji. Walikuwa kazini usiku, wakilinda kundi. Luka hasemi walipitia nyumbani kubadilisha nguo. Anasema walikwenda kwa haraka, wakamkuta mtoto.

Basi, kwa hizi wiki mbili zilizobaki nawaomba mambo matatu. Kwanza, usichukue mkopo wa simu kununua nguo ya siku moja. Januari karo inakungoja, na riba hailali. Pili, kama Mungu amekupa cha ziada, mtafute jirani kimyakimya, usimpige picha. Tatu, siku hiyo njoo na nguo yako ya kila Jumapili. Mimi nitavaa shati lile lile la buluu mnalolijua, na mke wangu ameshakubali.

Na wewe mama, ukisoma hapa: tafadhali leta watoto. Nitawangoja mlangoni mimi mwenyewe.

Mungu awabariki.