Nani Atangulie Barabarani?



Sisi tuliofundisha miaka mingi tunalo deni moja. Asubuhi za masika tuliwasimamisha nje ya darasa watoto waliochelewa, miguu yao imejaa tope, na wengine tuliwachapa. Hatukuwauliza wamevuka korongo gani. Kosa lilikuwa la njia, adhabu ikawa ya mtoto.

Tunayakumbuka hayo tunapouona mji wetu unavyokua. Tangu Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, lami imetufikia kutoka Arusha, Singida na Dodoma. Kipande cha Kondoa hadi Babati kilizinduliwa mwaka 2018. Tunashukuru. Lakini ukiiacha lami na kuingia mitaani, njia nyingi ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na fedha za kuzitengeneza zote hazitoshi. Basi fedha zikiwa chache, nani atangulie?

Wako wanaosema atangulie mwenye gari, maana ndiye alipaye. Kila lita ya mafuta hutozwa fedha za barabara, na mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa lita ili kuisaidia TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Hoja hiyo ina uzito, kwani lori lisipopita, soko hukauka.

Hata hivyo, tufanye hesabu vizuri. Mama anayetembea kwa miguu akinunua sabuni dukani, ndani ya bei ile mna gharama ya lori, na ndani ya gharama ya lori mna mafuta na tozo yake. Kwa hiyo naye amelipa, ingawa hakupanda.

Tena, atembeaye haombi lami. Anaomba ukingo wa barabara uliomwagwa changarawe, mtaro usioziba, na daraja dogo la kuvukia. Hivyo vyote ni nafuu kuliko lami, na huwafaa pia mwenye baiskeli, msukuma mkokoteni na mzee mwenye fimbo. Mwenye gari akikosa njia nzuri atachelewa, au atazunguka. Mtoto akikosa kivuko siku korongo limejaa, huenda asifike kabisa. Kwa hiyo sisi twaona atangulie yule ambaye akikosa njia hiyo hana nyingine.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mkutano wa mtaa ukiitwa, tusiishie kulalamikia springi za magari yetu. Tumtaje kwanza mtoto wa shule. Na wale miongoni mwetu tuliosogeza uzio hadi njiani, au tunaotupa taka mtaroni, tuanze kwa kurudisha uzio nyuma na kuzoa taka zetu. Kazi hiyo haingoji bajeti ya Halmashauri.