Nilimsikia

Jumanne moja jioni nilikuwa kwa matatu ya kwenda Kinoo, spika ndogo masikioni, bila muziki wowote. Mama aliyeketi kando yangu, mfuko wa waru miguuni, akaniuliza, "Kijana, hii inashuka Kangemi ama inapita juu?" Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaendelea kutazama dirishani. Akadhani sisikii, akanyamaza. Matatu ikapita juu, na mama akashukia Uthiru.

Spika zangu ni zile zinazopitisha sauti. AirPods Pro za Apple, zilizotoka 2019, hufanya hivyo kwa maikrofoni: zinanasa sauti za nje na kuzicheza ndani ya sikio. LinkBuds za Sony, za 2022, zina tundu katikati ili sauti ipite yenyewe. Lengo si baya. Ramani inakunong'oneza "pinda kushoto" na bado unasikia honi ya boda. Sauti ya kompyuta inakaa juu ya sauti za mtaa bila kuzifukuza.

Lakini anayekutazama hajui hayo. Zamani spika masikioni zilikuwa mlango uliofungwa, na kila mtu aliona umefungwa. Ukipiga hodi usijibiwe, hukasiriki. Sasa mlango uko wazi, ila kwa nje bado unaonekana umefungwa. Mimi namsikia jirani yangu, yeye hajui. Hapo ndipo nilipojificha.

Rafiki yangu mmoja atanipinga. Yeye huvaa zake akitembea usiku. Wanaume wakimwita anajifanya hasikii, kumbe anasikiliza hatua zilizo nyuma yake. Sioni kosa lake. Hakuna anayedaiwa jibu na mtu anayemtisha.

Mimi sikutishwa na yeyote. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa na kisingizio ambacho hakuna angeweza kukikagua. Nilidanganya bila hata kufungua mdomo. Kuchoka si dhambi, wala sikudaiwa stori na mtu nisiyemjua. Ningesema tu, "Uliza makanga, mama," angeuliza makanga. Kosa langu ni kumwacha aamini kwamba swali lake halikufika popote, ilhali lilikuwa limefika.

Nauli ya kumrudisha Kangemi ilikuwa yangu kulipa. Na nilikuwa nayo mfukoni.