Picha Ni Amana

Mtu akikupiga picha bila wewe kujua, amekuibia? Hapa kambini wengi tutajibu haraka: ndiyo, ametuibia. Na tuna sababu zetu. Lakini wacha niwapeleke kwanza Bolton, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza, halafu turudi. Kule swali hili lina majibu mawili, na yote mawili yana uzito.

Mwaka 1937 wasomi fulani wa Kiingereza walianzisha kikundi cha Mass-Observation ili kuchunguza maisha ya watu wa kawaida wa nchi yao wenyewe. Mmoja wao, Tom Harrisson, alikuwa ametoka visiwa vya Pasifiki, alikokuwa akichunguza maisha ya watu wa huko. Sasa akataka Waingereza nao wachunguzwe vilevile. Sisi tuliozoea kuhesabiwa, kuulizwa na kuandikwa kwenye fomu, hapo lazima tutabasamu: kumbe na wao! Mji wakaupa jina la kuficha, Worktown, yaani Mji wa Kazi.

Mpiga picha wao alikuwa Humphrey Spender, mtoto wa familia yenye uwezo, mgeni kabisa pale. Alikuwa na kamera ndogo ya Leica, ambayo mara nyingi aliificha chini ya koti. Akawapiga watu picha wakiwa baa, barabarani, uwanja wa mpira, hata kwenye mazishi. Ukizitazama unaona nguo zimeanikwa kwenye kamba zinazokatiza barabara. Unaona watoto wanacheza kwenye kiwanja kitupu, na nyuma yao mabomba ya moshi ya viwanda. Jina la mji lilifichwa, lakini sura za watu hazikufichwa.

Jibu la kwanza, basi, ni kwamba alikosea. Sura ya mtu si kitu kilichoanguka njiani cha kuokotwa na yeyote apitaye. Spender mwenyewe alilijua hilo. Baadaye maishani alisema wazi kwamba kazi ile ilimkosesha raha, alijiona kama mtu anayevamia maisha ya wenzake.

Jibu la pili linatoka upande mwingine. Mtu akiombwa picha hujipanga. Atarekebisha kola, atasimama kama askari. Kama Spender angeomba ruhusa kila mara, leo tungewaona watu wa Bolton wamevaa nguo za Jumapili tu. Na mji ule wa picha haupo tena. Viwanda vya pamba vilikufa. Uwanja wa Burnden Park, mashabiki walipojazana, timu iliuhama mwaka 1997 na baadaye ukabomolewa. Kilichobaki ni picha, nazo zinatunzwa palepale, kwenye makumbusho ya Bolton. Mjukuu anaweza kwenda kumtafuta babu yake mle ndani.

Tukubali lipi? Wengi watasema dawa ni ruhusa: omba kwanza, kisha piga. Ndugu zetu wa mashirika, fomu zenu za ridhaa ninazijua, na ni heri ziwepo. Lakini fikirini: mama yuko kwenye mstari wa mgao, kadi mkononi, mtoto mgongoni. Mgeni mwenye kamera anauliza, "Mama, inaruhusiwa?" Atajibu nini? "Ndiyo" ya mtu anayengoja unga ni ndiyo gani? Halafu na sisi hujipanga, ila kinyume na watu wa Bolton. Tunavaa ile sura ya huzuni tunayodhani mgeni ameifuata. Kwa hiyo ruhusa imepatikana, fomu imetiwa sahihi, na ukweli umepotea.

Mimi naona swali kubwa linakuja baada ya kamera kulia. Picha ya mtu ni amana. Amana unaweza kukaa nayo, lakini si yako, na mwenyewe akiitaka lazima ujue iko wapi. Spender alichukua kwa siri, lakini amana ilirudi nyumbani. Ilichelewa mno: kitabu cha picha zile kilitoka mwaka 1982, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Wangapi walikuwa wamekufa bila kujiona?

Yuko mwingine aliyefanya vizuri zaidi. Sirkka-Liisa Konttinen, mwanamke wa Finland, alihamia mtaa wa Byker, mjini Newcastle, mwaka 1969, wakati nyumba za zamani za mtaa ule zilikuwa zikibomolewa. Alikaa na majirani, akawapiga picha, mpaka nyumba aliyoishi yeye mwenyewe nayo ikabomolewa. Miaka ya 2000 alirudi. Safari hii alikuta kati ya wakazi wakimbizi kutoka nchi nyingi, watu kama sisi, na akakaa na wenyewe kupanga jinsi wanavyotaka kuonekana.

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa hapa sasa ni wazazi. Picha zetu ni nyingi mno, lakini ziko kwenye kompyuta za miji ya mbali, na nyingi ni za mstari tu. Fundi baiskeli yuko wapi? Mama anayetwanga sombe, harusi ya Jumamosi, vijana na mpira wao wa makaratasi? Bolton wana hata ukuta wa kuonyesha kwamba waliishi. Turubai haliachi magofu. Siku kambi ikifungwa, mvua mbili tu na nyasi zitafunika kila kitu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo: kila picha mnayoondoka nayo, acheni nakala yake hapa, yenye majina ambayo wenyewe wamekubali yaandikwe. Nasi wenye simu tupigane picha wenyewe, za siku za kawaida, tuzitunze. Picha ya siri iliyorudi nyumbani naweza kuisamehe. Ile ya ruhusa iliyoondoka moja kwa moja, hiyo bado naiita wizi.