Jina Lililoachwa Nje ya Kiapo

Washirika wanaokwenda kwa wakili kuapa hati huniuliza sana: je, aliyeokoka anaruhusiwa kuapa? Wanakumbuka Mathayo 5, pale Yesu anapotukataza. Wengine hujibu kwamba hata yeye, kuhani mkuu alipomwapisha, hakukataa kusema. Mimi sioni kama hilo litusumbue hapa Kenya. Sheria ya viapo, Sura ya 15, inamruhusu mtu ambaye dini yake inakataa kiapo athibitishe kwa neno lake tu, na uzito wake ni uleule. Mwambie kamishna wa viapo kabla hujatia sahihi. Imeisha.

Swali gumu ni lingine. Chukua mambo ya urithi, maana huko ndiko familia zetu zinaumia. Mzee amelala bila kuacha wosia. Chifu anaandika barua ya kutaja warithi, kisha mjane anaapa hati inayoorodhesha wote walioachwa na marehemu. Wanatafutwa na wadhamini, na mara nyingi tunaombwa sisi wa kanisani.

Miaka mingi nyuma, katika kanisa lingine, niliombwa. Nikasoma ile karatasi: watoto watano, majina sawa, namba za vitambulisho sawa. Lakini kijiji kizima kilijua ni sita. Mama ya huyo wa sita hakuolewa, ila mzee alimlipia karo na kumwita mwanangu mbele za watu. Nilipouliza, mjane akaniambia, "Pasta, si kila kitu hapo ni kweli? Umeona uongo wapi?"

Ni kweli, mstari wa uongo haukuwepo. Lakini hati ilisema hawa ndio walioachwa, na hiyo "ndio" inafunga mlango. Anayeapa orodha anaapa pia kwamba hakuna mwingine. Anania hakuleta pesa bandia. Alileta pesa halali za shamba lake, akanyamaza kuhusu zilizobaki, na Petro akamwambia amedanganya.

Kuna wanaosema muhuri ukishapigwa, basi serikali imekubali. Hapana. Kamishna haapi chochote kuhusu watoto wa mtu. Anashuhudia tu kwamba ulikuja mbele yake ukaapa, mahali fulani, tarehe fulani. (Na siku hizi kuna watu wanatuma kijana wa bodaboda na karatasi, zinarudi na muhuri. Mbele ya nani sasa?) Yaliyoandikwa yanabaki mabegani mwako. Sheria ya Urithi, kifungu cha 76, inairuhusu mahakama kufuta wakati wowote idhini ya kusimamia mali iliyopatikana kwa kuficha jambo muhimu. Muhuri hauzuii hilo.

Yule mjane simlaumu kirahisi. Shamba lilikuwa dogo, na kumwandika yule kijana kulikuwa kukubali hadharani kwamba mume wake alikuwa na nyumba nyingine. Hiyo aibu hakuitafuta. Kijana naye hakuitafuta.

Sikutia sahihi. Nilimwambia siku karatasi itakapokuwa na majina sita nitakuwa mdhamini, na nitaandamana naye hadi kwa chifu barua iandikwe upya. Akasema atafikiria. Nilihamishwa kabla hajarudi.