Nani Aliyemletea Mtoto SS?

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi wake. Yesu hakumtaja mkosaji hata mmoja. Sisi bado tunamtafuta.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa wachanga katika huduma, tuliitwa kwenye kikao cha ukoo. Mtoto wa pili katika nyumba ile alikuwa amekufa kwa selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tuliotoka Kongo tunauita SS. Wazee wa upande wa baba walisema mama ndiye anayewala watoto. Sisi tulifungua kwa maombi, tukafunga kwa maombi, na katikati tukanyamaza. Mama yule alirudishwa kwao.

Leo tungefanya hivi. Tungechukua kijiti, tukachora mraba chini na kuugawa vyumba vinne. Mchoro huu unaitwa kwa jina la Reginald Punnett, Mwingereza aliyefundisha biolojia mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye alifuata kazi ya mtawa Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1866. Kila mtoto hupokea herufi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. A ni ya kawaida, S ni ya selimundu. (Hiyo A si ile ya kundi la damu, wengi huchanganya.) Mwenye AS kwa kawaida ni mzima, analima na kubeba maji, wala hajui kitu. Baba akiwa AS na mama AS, andika herufi za baba juu ya mraba na za mama kando, kisha jaza vyumba: AA, AS, AS, SS.

Tazameni chumba cha mwisho. S moja imeshuka kutoka juu, nyingine imeingia kutoka kando. Kwa herufi za mama peke yake hamwezi kuandika SS. Na kwa hesabu hiyo hiyo, ile S ya baba aliipata kwa mmoja wa wazazi wake. Huenda mwenye nayo alikuwa ameketi palepale kikaoni, akihukumu.

Wengine husikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani ni zamu: huyu ameugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Rusheni sarafu mbili mara nyingi, mhesabu ni mara ngapi zote zinaangukia upande wa picha. Kila mimba ni kurusha upya. Nyumba moja itapata wanne wazima, jirani wagonjwa wawili mfululizo, na mraba wao ni mmoja.

Tena mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana S ni nyingi kwetu kwenye mbu. Herufi inayomtesa mtoto huenda ndiyo iliyomvusha babu yake utotoni. Tunaona vigumu kuiita laana.

Limebaki swali la wachumba. Wako wanaotaka kanisa likatae kufungisha ndoa ya AS na AS. Tumelifikiri sana. Kupima tunahimiza, tena mapema, kabla ya mahari na kabla mioyo haijashikana (na kile cha malaria hakitoshi, ombeni kipimo cha selimundu). Anayejua yeye ni AS akamficha mwenzake amemwibia haki ya kuchagua, na hilo tunaliita dhambi waziwazi. Lakini tukipiga marufuku ndoa yenyewe, tutawaambia nini vijana wetu wenye SS wanaoimba kwaya kila Jumapili? Kwamba wazazi wao walikosea kuwazaa?

Juzi walikuja wawili, wote AS. Waliuliza kama tutawafungisha. Tuliwajibu kwamba tutawafungisha wakiamua, ila kwanza waketi na mzazi mwenye mtoto wa SS, wamsikie akisimulia usiku wa maumivu ya mifupa na safari za kutafuta damu. Wakachukua karatasi yenye vyumba vinne, wakaikunja. Hawajarudi bado.