Biashara Huria na Sharti la Ridhaa

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu wa darasa yetu hapa Port Reitz: Je, nchi changa yafanya uadilifu kuzifungulia mlango bidhaa za nje, iwapo mnunuzi maskini apata nafuu na fundi wa nchi hiyo akosa kazi?

Suala hili si la kubuni. Mitumba yaingilia bandari hii yetu, ambayo mwaka 2016 iliongezewa gati jipya la makontena. Kabla ya miaka ya 1990 Kenya ilikuwa ikizizuia nguo za nje kwa leseni na ushuru mzito. Ilipolegeza, kwa masharti ya wakopeshaji wake, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, marobota yakamiminika. Viwanda vya nguo, kama KICOMI cha Kisumu, vikafungwa, na mkulima wa pamba akakosa wa kumwuzia. Sikatai kwamba uongozi mbaya na madeni navyo vilikuwa na sehemu yake. Wala simlaumu mama wa Kongowea auzaye mashati; riziki yake ni halali, na mnunuzi wake ameweza kumvika mwanawe.

Ama mafakihi wametufundisha kuwa mauziano hayasihi ila kwa ridhaa ya pande mbili. Sharti hili twalipima baina ya mtu na mtu sokoni. Mbona hatulipimi baina ya dola na dola?

Sayyidna Umar, kama alivyopokea Imamu Malik katika Muwatta, alikuwa akiwatoza wafanya biashara wa Kinabati sehemu moja katika ishirini ya ngano na mafuta ya zaituni, ili vizidi kuletwa Madina; na nafaka za jamii ya kunde akizitoza sehemu moja katika kumi. Hakuufunga mlango, wala hakuuacha wazi ovyo. Alitazama watu wake wahitaji nini, na khiari ilikuwa mkononi mwake.

Sasa tazama yetu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipatana kuiondoa mitumba kidogo kidogo hadi 2019. Wauzaji wa Marekani wakaishitakia serikali yao, nayo ilikuwa na AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ya ushuru. Kenya ikarudi nyuma kabla ya uchunguzi kufunguliwa mwaka 2017. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha huo.

Lakini Rwanda ilikuwa ikiuza nguo chache huko. Kenya ina viwanda vya EPZ, baadhi yao hapa Mombasa, vyenye maelfu ya washonaji, wengi wao wanawake, na nguo zao zilikuwa zikienda Marekani kwa njia ya AGOA. Kazi hizo ndizo zilizowekwa rehani siku Kenya iliposemwa kuwa imeridhia.